Sistimu yetu haijui Ramadhani ni nini

Ukipita Kongowea hapa Mombasa saa hii kila duka la jumla lina kompyuta, hata yale ya mlango mmoja ambayo mzee mwenyewe bado amekaa nje kwa kiti cha plastiki na kikoi chake, ndani utakuta skrini, kaprinta ka risiti na kijana anabonyeza. Wengi walinunua kwa sababu ya KRA, wale wa kodi, tusidanganyane. Tangu Januari 2024 biashara ikinunua mali na haina risiti ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya KRA, ile gharama haikubaliwi kwenye hesabu ya kodi ya mapato (kuna vitu vichache vimesamehewa lakini si mali ya duka), kwa hivo wateja wenye hoteli na vioski vikubwa wakaanza kudai risiti, wenye maduka wakaanza kutafuta sistimu, na vijana wanaouza sistimu mwaka ule walikula vizuri kwelikweli.

Haya, mashine ipo, data yaingia kutoka asubuhi mpaka tunafunga. Lakini muulize mwenye duka ripoti ya mwisho aliyoifungua ni gani na aliamua nini baada ya kuisoma. Atakuangalia tu. Au atakwambia "nimeona mauzo". Sawa, umeona mauzo, halafu?

Mimi niko kwa duka la ami yangu, vyakula kwa jumla, yaani unga, mchele, mafuta, sukari, tambi, tende na mazagazaga mengine, namfanyia hesabu na naangalia stoki, na jioni huwa nasaidia wenye biashara wengine wachache na vitabu vyao. Kwa hivo haya ninayoandika yametoka dukani zaidi kuliko darasani, ijapokuwa darasani nilipita na kuna mtu mmoja wa huko sijawahi kumsahau, Herbert Simon, Mmarekani aliyepewa Nobel ya uchumi 1978. Yeye alisema uamuzi una hatua tatu, kwanza kugundua kwamba kuna jambo la kuamuliwa, pili kutafuta njia zinazowezekana, tatu kuchagua. Na alisema pia akili ya binadamu ina mpaka, meneja hawezi kupima kila kitu, kwa hivo huchukua lile la kumtosheleza anaendelea na siku yake. Ukimuangalia ami yangu akipanga bei ya sukari asubuhi utaona Simon hakukosea.

Watu hufikiri sistimu ni ya hatua ya tatu, kwamba itakuja ikwambie fanya hivi usifanye vile. Mimi naona kazi yake kubwa ni ile ya kwanza. Ikushtue mapema. Na itakushtua tu kwa lile ulilolielekeza liangaliwe.

Chukua mafuta ya kupikia. Tuseme duka lauza mitungi 15 ya lita 20 kwa siku, na ukimpigia msambazaji leo mali yafika baada ya siku 4. Basi mitungi ikibaki 60 lazima uwe ushapiga simu, la sivyo utakaa bila mafuta na mteja ataenda mlango wa pili na huko ndo atanunua na unga na mchele vilevile. Waongeza akiba ya kujikinga, tuseme ya siku mbili, mitungi 30, inakuwa 90. Hiyo 90 ndo kiwango cha kuagiza, stoki ikigusa hapo laini yageuka nyekundu kwa skrini. Hili la kurudiarudia lenye kanuni yake mashine hulifanya vizuri kutushinda sisi, kwa sababu haichoki, haisahau, na haishikwi na maneno ya wale vijana wa mauzo wanaokuja mwisho wa mwezi na ofa ya nunua kumi upate moja, ambao ami akiwaona tu washamuuzia kitu kitakachokaa stoo mpaka kiote vumbi.

Lakini sasa hiyo 15 imetoka wapi? Ni wastani wa miezi mitatu iliyopita. Na hapo ndo mambo yaanza.

Mtu wa Mombasa hahitaji kuelezwa wiki mbili tatu kabla ya Ramadhani huwa vipi. Tambi kwa katoni, tende, unga wa ngano wa mahamri na sambusa, mchele wa biriani, sukari, na mafuta ndo usiseme, kwa sababu kila kona kutoka Majengo mpaka Kisauni kuna mtu anajitayarisha kukaanga bajia, viazi karai na kaimati. Mafuta ya mitungi 15 kwa siku yaweza kuwa 40. Piga hesabu ileile, 40 mara siku 4 ni 160, weka akiba ya siku mbili ni 80, jumla 240. Sistimu bado imeshikilia 90. Kwa hivo ukiwa na mitungi 100 skrini yako ni kijani, imetulia, kila kitu sawa kabisa, na wewe umebakisha mali ya siku mbili na nusu na msambazaji mwenyewe kazidiwa kwa sababu maduka yote kutoka Likoni mpaka Mtwapa yampigia wiki hiyohiyo, zile siku 4 zake zimekuwa 7.

Mwengine ataniambia si uangalie tu mwaka jana mwezi kama huu. Ahaa! Mwaka jana mwezi kama huu ndo mtego wenyewe. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, wa kizungu 365, kwa hivo Ramadhani yarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. 2024 ilianza kama tarehe 12 Machi, 2025 ikaanza mwanzoni kabisa mwa Machi. Maana yake ile pilika ya kununua ya 2024 iliangukia siku za mwanzo wa Machi, na ya 2025 ikaangukia nusu ya pili ya Februari. Sasa rudi 2025, fungua ripoti ya "Machi mwaka huu na Machi mwaka jana", utaona mshale mwekundu umeangalia chini. Fungua ya Februari, mshale wa kijani juu. Na ukweli ni kwamba hakuna kilichopanda wala kushuka, watu ni walewale na futari ni ileile, kilichosogea ni mwezi.

Sasa fikiria mtu aliyekaa ofisini bara, mbali na haya yote, ameletewa dashibodi, ile skrini ya muhtasari, yenye mishale hiyo. Rafiki yangu alikuwa meneja wa tawi la kampuni moja hapa mjini, akapigiwa simu kuulizwa mbona Machi mmelala. Akaeleza. Hakueleweka, au alieleweka lakini namba ilikuwa ishaingia kwa kikao, si mwajua namba ikishaingia kikaoni haitoki tena. Akaamrishwa ashushe bei kwa bidhaa ambazo hazikuwa na ugonjwa wowote. Zikauzika, ndio, zingeuzika vilevile bila kushushwa, faida ikaliwa bure. Hapo sistimu haikusema uongo hata kidogo, kila tarakimu ilikuwa sahihi. Uamuzi ndo ulikuwa mbovu.

Dawa yake wala si ya pesa nyingi. Natoa mauzo ya kila siku kutoka kwa sistimu naweka kwa Excel, naongeza safu moja tu ya wiki ya Ramadhani. Wiki ya tatu kabla naiita toa 3, inafuata toa 2, toa 1, halafu wiki za mfungo wenyewe moja mpaka nne, halafu Idd. Nalinganisha toa 2 ya mwaka huu na toa 2 ya mwaka jana na ya mwaka juzi, tarehe ya kizungu naiacha na wenyewe. Mara ya kwanza kumuonyesha ami ile chati, mistari ya miaka yote ilikuwa imepanda mahali pamoja, yaani imelaliana, akaiangalia akasema "si hivi ndo nilivokuwa nikiandika mimi?"

Na kweli alikuwa akiandika hivo! Akaenda akaniletea kaunta buku zake za zamani, za kabla ya kompyuta, zimefungwa kwa uzi wa gunia. Mauzo yameandikwa kwa tarehe za Kiislamu, mwezi wa mlisho (Shaabani) katoni ngapi za tambi, vunja jungu ngapi, mfungo ulipoandama ngapi. Mzee alikuwa na kalenda ya wateja wake ndani ya daftari, tukaja sisi na mashine tukaihamisha biashara yote kwenye kalenda ambayo wateja hawaifuati wakati wa kununua. Wanaosema daftari si mfumo wa taarifa waende wakalione lile. Lina kasoro zake, kutafuta kitu ni mpaka ufungue kurasa moja moja na mende washaonja pembe, lakini lilikuwa limejibu swali sahihi.

Hata wakubwa wa dunia hufanya hivohivo. 2004 Walmart walipoona kimbunga Frances chaelekea Florida, hawakwenda kuangalia Septemba ya mwaka uliopita iliuza nini, walikwenda kuangalia watu walinunua nini kabla ya kimbunga Charley kilichopita wiki chache nyuma. Wakakuta vile vitafunio vya Pop-Tarts vya ladha ya strawberry vilikuwa vikiuzwa kama mara saba ya kawaida kabla ya kimbunga. Malori yakapakiwa. Tukio kwa tukio, si mwezi kwa mwezi. Sisi kimbunga hatuna lakini Ramadhani tunayo, na Idd, na Desemba ya wageni wa bara wakijaa Nyali na Bamburi, na wiki ya shule kufunguliwa ambayo sukari na sabuni za mche hutoka kama zagawanywa bure. Na jiandaeni, 2030 Ramadhani zitaingia mbili, moja Januari na nyengine mwisho wa Desemba, sijui hizo dashibodi zitasema nini mwaka huo.

Namba nyengine ambayo huandikwa siku ya kwanza ikasahaulika ni ile ya muda wa kungoja mali. Yule kijana anayeinstoli sistimu hukuuliza, "mali yenu huchukua siku ngapi kufika?", wewe una wateja wamesimama, unamtupia jibu, anaandika, basi, namba imekaa hapo kama imechongwa kwa jiwe la matumbawe. Wanaoleta tambi na vitu vya makopo kutoka Misri, Uturuki na Ulaya waliona cha moto tangu mwisho wa 2023, meli zilipoanza kushambuliwa Bahari ya Shamu, kampuni nyingi za meli zikaacha kupita Suez zikazunguka chini Rasi ya Tumaini Jema, safari zikarefuka kwa wiki na zaidi. Sistimu ikiambiwa siku 30 itahesabu siku 30, haisomi magazeti. Kwa hivo mimi kila mzigo ukiingia naandika tarehe ya kuagiza na tarehe ya kupokea, na ile namba naibadilisha kwa yaliyotokea, siendi na alichoahidi msambazaji kwa simu. Wasambazaji wangu mnanisoma humu, samahanini, lakini mwajijua.

Wenzetu wa kuklia mizigo bandarini hili wanaliishi kila siku. KRA walikuwa na mfumo wa forodha wa Simba kutoka 2005, baadaye ikaja iCMS, bandari wenyewe wana Kwatos yao ya kufuatilia mizigo, halafu kuna ile ya dirisha moja ya KenTrade ambapo vibali vya taasisi tofauti vinaombwa mahali pamoja. Wengi huzichukulia kama fomu za kujaza tu ili mzigo utoke. Lakini mwagizaji anayejua kazi yake aangalia manifesti, yaani orodha ya mizigo, meli ikiwa bado i baharini, entri ya forodha aianza mapema, na zaidi ya hapo aamua pesa ya ushuru itatoka wapi, amalize stoki iliyopo kwa bei ya chini apate keshi au akakope, kwa sababu siku za bure zikipita kontena laanza kuhesabiwa storeji na hiyo haina huruma. Taarifa ni ileile, mmoja aliipata kabla ya meli kufunga gati na mwengine aliipata baada. Hiyo tofauti ya siku chache ndo faida ya kontena zima wakati mwengine.

Haya tuje kwa uchafu wa data, maana hapa ndo nimepoteza usingizi.

Unga wa sima huja kwa beli, beli moja pakiti 12 za kilo mbili mbili. Tuseme una beli 40, hizo ni pakiti 480. Mama aja ataka pakiti 3 tu, keshia achagua "unga", aandika 3, apokea pesa ya pakiti 3. Kama sistimu imewekwa kuhesabu kwa beli, yenyewe imetoa beli 3. Yasema zimebaki 37, na kwa sakafu kuna beli 39 na pakiti 9. Fanya hivo wiki nzima mara mia, siku ya kuhesabu stoo utakuta unga mwingi kuliko wa kompyuta, na ukikaa vibaya kwa upande mwengine, yaani beli ikiuzwa kama pakiti, utakuta mchache, na hapo macho yote yamgeukia keshia. Na ile ya kwanza ikizidi stoki inasema toa 11, yaani chini ya sufuri, hivi mtu anakuwaje na unga toa 11?

Maduka mengi hapa shoti, yaani upungufu, hukatwa kwa mshahara. Hakuna anayeuliza kwanza kama mashine ndo imekosea. Na hili si dogo, kuna kisa cha Posta ya Uingereza ambacho kila mwenye kompyuta na wafanyakazi angefaa kukijua. 1999 walianza kutumia mfumo wa hesabu unaoitwa Horizon, wa Fujitsu, katika matawi madogo yanayoendeshwa na watu binafsi. Mfumo ukawa waonyesha upungufu wa pesa ambao haukuwepo. Wakubwa wakaamini kompyuta. Watu zaidi ya 900 wakapatikana na hatia ya wizi, ulaghai na kupika hesabu mpaka kufikia 2015, wengine wakafungwa jela, wengine wakauza mali zao kulipa pesa ambazo hawakuzigusa. Ilichukua mpaka Desemba 2019 mahakama kuu kusema ule mfumo ulikuwa na kasoro, na mpaka 2024 bunge kupitisha sheria ya kufuta zile hukumu kwa jumla. Miaka ishirini na kitu!! Kila mmoja aliambiwa shida ni yake peke yake, kumbe walikuwa mamia wenye shida moja, na hiyo nayo ilikuwa taarifa, hakuna aliyeikusanya pamoja akaiangalia.

Kwetu sasa utaratibu ni kwamba shoti ya stoki haihusishwi na mtu mpaka nipitie zile mauzo za bidhaa hiyo laini kwa laini, niangalie kipimo, niangalie pesa za M-Pesa zilizorudishwa, niangalie mali iliyopokewa usiku ikaandikwa asubuhi. Keshia wetu alifurahi sana na huu utaratibu, na mimi nimeona kitu, tangu aache kuogopa amekuwa yeye mwenyewe ndo anakuja kuniambia "hapa nimebonyeza sivyo, rekebisha". Data imekuwa safi kuliko ningenunua sistimu mpya.

Za M-Pesa kwa harakaharaka, kwa sababu hizi watu wameshazizungumza sana. Tangu Lipa na M-Pesa ianze 2013 tili, ile namba ya kulipia, imekuwa kama mtu anayeandika kila anayeingia dukani na saa aliyoingia. Toa stetimenti, panga kwa saa, utaona wateja wako wamejaa lini. Sisi tuliona jioni baada ya Alasiri ndo wengi na tulikuwa na vijana wengi asubuhi wakichati. Tukabadilisha zamu. Ijumaa ina umbo lake tofauti kabisa, usiichanganye na siku nyengine kwenye wastani. Basi.

Deni ndo penye utamu. Duka la jumla Mombasa bila kukopesha halipo, labda la ndoto. Sistimu yatoa ripoti ya madeni kwa umri, yaliyo chini ya siku 30, ya 31 mpaka 60, na yaliyopita 60 ambayo huja na rangi nyekundu. Sasa kuna mteja wetu mmoja, ana mashua za uvuvi, achukua mchele na mafuta na unga wa mabaharia wake. Ripoti ikamleta nyekundu. Nikamwendea ami.

"Ami, huyu amepita siku sitini, sistimu yasema tumfungie."

"Sistimu yajua kwamba ni kusi?"

Sikuwa na jibu. "Mwanangu," akaniambia, "bahari sasa yavuma, mashua ndogo hazendi mbali. Huyu akilipa mwezi huu ujue ameuza kitu cha nyumbani, na mimi sitaki pesa hiyo. Ikitulia atakuja mwenyewe." Na historia yake nilipoirudia nyuma nikaona kweli, kila mwaka achelewa miezi ileile ya upepo wa kusi, na ule wa kaskazi ukishaingia alipa yote, wakati mwengine na ya mbele. Yaani data ilikuwepo, ya miaka, ila ripoti ya siku sitini haiangalii nyuma namna hiyo, yahesabu siku tu. Tukamwekea kiwango cha deni cha kusi na cha kaskazi, na ile nyekundu yake ya kusi hainishtui tena.

Lakini msiondoke mkisema mzee ajua kila kitu tufunge kompyuta, la! Kuna mteja mwengine, mtu mkubwa, akija hupewa kiti na kahawa, salamu zake peke yake ni nusu saa, huuliza habari za watoto wote mpaka walio masomoni. Ami alimuona ndo mlipaji bora. Nikamchorea. Kila mwezi achukua mali kidogo kuliko mwezi uliotangulia, deni lake lazidi kuzeeka, na kila akija kulipa alipa kiasi kile tu cha kumfungulia achukue tena, si zaidi. Mara nyingi amelipa siku ileile aliyochukua. Ami akanyamaza akaiangalia ile karatasi. Kwa macho hukuwa unaweza kuona kwa sababu mtu alikuwa akija, akilipa, akicheka, kila ziara ilikuwa nzuri, ubaya ulikuwa kwa mstari wa mwaka mzima na hakuna mtu anayebeba mwaka mzima kichwani. Hatukumkata. Tukakubaliana akilipa elfu kumi achukue ya elfu tano, kwa adabu, na ami mwenyewe ndo alimwambia, kwa sababu maneno kama hayo hayasemwi na mtoto.

Hawa wateja wawili ndo jibu langu kwa kila anayenitumia meseji kuniuliza "dada, sistimu gani nzuri ninunue". Mimi sijui duka lako. Kaa chini kwanza uandike kwa karatasi maamuzi yanayokuuma, niagize lini, nimkopeshe nani, nani aje zamu gani, bidhaa gani niache kuuza, halafu mbele ya kila moja andika ungehitaji kuona nini ili uamue. Ukimaliza hiyo karatasi mpelekee muuzaji wa sistimu amuru akuonyeshe hizo ripoti kwa mashine yake, hapo mbele yako, na data za mfano zenye beli na pakiti. Wengi wataanza kukuonyesha rangi na grafu za duara. Rudi kwa karatasi yako.

Na kuna maamuzi ambayo sistimu yachangia kidogo tu, kwa mfano hili lililo mezani sasa. Ami ataka kufungua tawi Mtwapa. Data tuliyonayo ni ya watu waliokuja kwetu, ya wasiokuja hatuna, na Mtwapa wengi ni wasiokuja. Nilichoweza kufanya ni kupitia risiti za pikipiki na tuktuk tunazowapelekea mizigo, nione za upande ule ni ngapi na zinabeba nini, na zinaonyesha zaidi vinywaji na mchele kuliko unga, jambo ambalo hatukulitarajia. Kodi ya lile duka iko juu, jirani yake ni duka la jumla ambalo lishakomaa, na mwenye nyumba ataka ya miezi sita mbele. Ami ashakwenda kuliangalia tena juzi, alirudi kimya, akaniomba nimtolee bei ya kununulia ya soda na maji kwa mwaka mzima. Nimempa. Jumamosi tunakaa na binamu zangu tulizungumze, mmoja wao ataka, mmoja hataki, na wote wawili washaniomba hiyohiyo ripoti.